Kalunguyeye amezaa bustanini: namna ya kumlinda mpaka watoto waondoke

Mvua za kwanza zikishanyesha huku Dodoma, na kumbikumbi wakaanza kumwagika chini ya taa za baraza, ndipo watu wengi hugundua kwamba uani kwao kuna mgeni. Wengine husikia mchakacho kwenye majani makavu usiku na kudhani ni panya buku. Wengine humkuta mchana bila kutarajia: mtu anakusanya takataka chini ya michongoma, reki inagusa kitu kigumu, na kitu hicho kinatoa pumzi kwa nguvu, "fff, fff", kisha kinajikunja.

Huyo ni kalunguyeye. Kama umemkuta kati ya Novemba na Machi, yupo peke yake ndani ya rundo la majani lililojengwa vizuri, na kila ukipita yupo palepale, basi yawezekana sana ni jike lenye mimba au lenye watoto. Mwongozo huu ni wako. Nitasema mapema ninachokiamini kuliko yote yatakayofuata: mnyama huyu anajua kulea, hana haja ya msaada wako katika hilo. Kazi yako ni kuwazuia watu wenye panga, kiberiti na sumu wasimfikie kwa muda wa miezi miwili hivi. Ukiiweza hiyo, umemaliza karibu kila kitu.

Hatua ya kwanza: acha kazi hapo hapo

Usimalizie "kidogo tu kilichobaki". Rudisha majani uliyoyaondoa, yale yale, bila kuyashindilia, kisha ondoka. Usiende kuleta majani mapya ya mwembe kwa sababu yanaonekana laini zaidi. Usimwite jirani aje aone.

Haraka hiyo ina sababu. Mtoto wa kalunguyeye huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 10 hivi, kipofu, ngozi yake ya waridi imevimba maji ili kuifunika miba iliyo chini yake. Miba huanza kuchomoza saa chache baadaye. Katika siku hizo za mwanzo mama ana wasiwasi mkubwa. Akisumbuliwa anaweza kuwahama watoto, na anaweza hata kuwala. Wanaowafuga nchi za nje wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hawasafishi vizimba vya majike waliozaa hadi siku kadhaa zipite. Kuchungulia mara moja tu kunaweza kugharimu uzao mzima.

Kama reki imekwisha kukitawanya kiota na watoto wako nje, vaa glavu. Zisugue kwanza kwa udongo na majani ya hapo hapo ili zisibebe harufu ya sabuni au petroli. Warudishe wote mahali pamoja, wafunike, ondoka. Mama mara nyingi yuko hatua chache tu, amejikunja, anasubiri utulivu. Akirudi usiku anaweza kuwabeba kwa mdomo, mmoja mmoja, hadi mahali pengine. Mwache awapeleke.

Hatua ya pili: hakikisha ni yeye

Kalunguyeye wengi hufa kwa kudhaniwa watoto wa nungunungu. Mkulima ambaye mihogo yake imefukuliwa akikutana na kitu chenye miba hasubiri maelezo. Basi wajue tofauti zao ili uweze kumweleza mwingine.

Kalunguyeye mzima ana urefu wa sentimita 15 hadi 25, na kwa kawaida uzito wa gramu 250 hadi 600. Unaweza kumbeba kwa viganja viwili. Miba yake ni mifupi, sentimita moja na nusu hivi, ya kahawia yenye ncha nyeupe, na hairuki wala haichomoki mwilini ovyo. Tumbo ni jeupe lenye manyoya laini, pua ni ndefu, nyeusi, yenye unyevu, inayochezacheza muda wote. Paji la uso lina mkanda mweupe. Ukiona nyayo zake kwenye vumbi, mguu wa nyuma una vidole vinne. Jina lake la kitaalamu ni Atelerix albiventris, na anaishi kwenye nyika na mashamba kuanzia Senegali mpaka pembe ya Afrika, akishuka Afrika Mashariki yote hadi upande wa kaskazini wa mto Zambezi. Misitu yenye unyevunyevu haipendi. Nchi kavu yenye vichaka, kama hii yetu ya Dodoma na Singida, au mbuga za Arusha na Kajiado, ndiyo kwao.

Nungunungu ni mnyama mwingine kabisa. Ana kilo 10, 15, hata zaidi ya 20, miba mirefu ya kupambia nyumba, na meno ya mbele ya kutafuna mizizi. Kalunguyeye hana meno ya kuharibu muhogo wala mahindi. Chakula chake ni mbawakawa, mchwa, nyenje, konokono, nyungunyungu, mende, buibui, pamoja na matunda yaliyoanguka na kuoza kidogo. Ng'e naye anamla, na sumu ya ng'e anaistahimili kuliko wanyama wengi wa kimo chake. Kwa mtu anayelala nyumba ya Dodoma, ambako asubuhi unakung'uta kiatu kabla ya kukivaa, habari hiyo peke yake inatosha kumfanya ampe hifadhi.

Hatua ya tatu: jua kama ni kiota au ni gesti ya siku moja

Kalunguyeye asiye na watoto hulala hapa leo, kesho kule. Leo chini ya mbao, kesho nyuma ya tofali, keshokutwa kwenye pango la kichuguu. Jike linalozaa hutulia. Kabla hujapanga lolote, tafuta kujua yako ni ipi, na ufanye hivyo bila kufunua.

Njia yangu ni mabua ya nyasi. Jioni, kabla jua halijazama, tafuta mlango wa kiota. Utaona uwazi mdogo ardhini, majani yamelala kuelekea ndani, na pengine njia nyembamba iliyosuguliwa. Simamisha mabua matatu au manne membamba kuvuka mlango huo, yasimame wima kwenye vumbi, mepesi kiasi kwamba mdomo wa mnyama utayaangusha bila yeye kujali. Asubuhi tazama kwa mbali. Yakiwa yameanguka, ametoka na pengine amerudi. Yasimamishe tena jioni. Yakianguka kila usiku kwa juma zima, hapo pana mwenye nyumba.

Unaweza pia kuchekecha majivu au vumbi laini kwenye eneo dogo mbele ya mlango, ulilainishe kwa mkono. Nyayo zitaandikwa. Tafuta na kinyesi: cheusi, kina urefu kama wa kiungo cha kidole cha mwisho, na ukikivunja kwa kijiti kinametameta kwa magamba ya mbawakawa. Usikishike kwa mkono mtupu.

Mabua yakibaki yamesimama siku tano au sita, pamehamwa. Hakuna mtu.

Hatua ya nne: sema na watu wa nyumbani, leo

Hatua hii watu huiruka, na hapa ndipo kalunguyeye wengi hupotea. Wewe unajua kiota kilipo. Kijana anayekuja kufyeka majani Jumamosi hajui. Dada wa kazi anayechoma taka jioni hajui. Mlinzi wa usiku akisikia mchakacho kwenye ua hupiga kwanza kwa rungu, na hana kosa, maana ndiyo kazi uliyompa.

Waite, uwaonyeshe mahali kwa kuwanyooshea kidole mkiwa mbali, uwaeleze kwa lugha ya kawaida: pale kuna mzazi, hapaguswi mpaka nitakaposema. Weka alama inayoonekana, kama kijiti kilichofungwa kitambaa chekundu, hatua mbili kutoka kiota chenyewe. Mlinzi usimwachie neno tu, mpe kazi. Mwambie akuambie ametoka saa ngapi. Mlinzi aliyepewa kazi ya kuhesabu humlinda mnyama kuliko aliyepewa amri ya kutomgusa. Katika muda wa juma moja utamsikia akiwaeleza walinzi wa nyumba za jirani.

Watoto wa nyumbani nao waambie ukweli wote, pamoja na kwa nini hawataruhusiwa kumshika. Mtoto aliyekatazwa bila sababu atakwenda kuchungulia mchana mkiwa kazini.

Wapo watakaokuja na imani zao. Mmoja atasema ni bahati, mwingine atasema ni mkosi, wa tatu ataomba miba au ngozi kwa dawa. Usibishane sana. Sema tu kwamba ni mnyamapori na sheria inamlinda. Na ni kweli: kwa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali, na Kenya wana sheria yao ya mwaka 2013 yenye msimamo huo huo. Yule mtu anayekwambia atakununulia watoto wakikua kidogo awauze mjini, mjibu hivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo picha usizitangaze ovyo. Weka mtandaoni ukipenda, lakini usitaje mtaa wala usiache simu iambatanishe ramani ya mahali. Wanaotafuta kalunguyeye wa kufuga husoma pia.

Hatua ya tano: ondoa hatari, kwa mpangilio wa uzito wake

Moto ni wa kwanza. Desturi yetu ya kukusanya majani makavu pembeni ya ua na kuyachoma jioni ndiyo inayomuua kalunguyeye bila mtu kujua. Rundo la majani makavu kwake ni nyumba bora kuliko zote, na akiona moto hakimbii. Anajikunja, maana hiyo ndiyo silaha pekee aliyopewa. Kuanzia leo usichome chochote kilicholala zaidi ya siku moja. Kama ni lazima uchome, lihamishe rundo lote kwa mkono hadi mahali peupe, kipande kwa kipande, kisha lichome saa ileile. Au liache lioze liwe mboji, na bustani itakushukuru zaidi.

Pili ni panga, kwanja na mashine ya kukata majani. Zunguka kiota kwa nafasi ya mita tatu, na ndani ya duara hilo majani yaachwe yarefuke. Yataonekana vibaya. Acha yaonekane vibaya kwa miezi miwili.

Tatu ni kuku. Wageni kwenye somo hili humfikiria mbwa na kumsahau kuku, ilhali kuku wa kienyeji huchakura rundo la majani kutwa nzima, na mtoto wa kalunguyeye aliye uchi hana tofauti na funza machoni pake. Kata matawi ya mgunga au ya michongoma, yaweke juu ya kiota na kukizunguka, yakipishana, si kwa uzito wa kukikandamiza. Acha mwanya chini upande wa mlango, wenye upana wa sentimita 13 hivi. Mama atapita, mbwa mkubwa hatapita, na kuku mkubwa atapata shida kupita. Na kuku nao walale bandani mlango umefungwa, kwa sababu kalunguyeye akikuta yai lililotagwa ardhini atalila, na hapo atakuwa amejipatia adui ndani ya nyumba yako.

Mbwa mfunge usiku, au mfungulie upande mwingine wa nyumba. Mbwa mzoefu huchomwa pua mara moja na kuacha. Mbwa kijana huendelea mpaka kuna mmoja aliyeumia. Paka kwa kawaida si tatizo kwa mama, ila kwa watoto ni tatizo.

Mashimo. Shimo la taka, msingi wa nyumba uliochimbwa na kuachwa, karo lililovunjika mfuniko, beseni kubwa la maji ya kumwagilia lililofukiwa ardhini. Kalunguyeye anaona vibaya, anatembea kwa pua, na akitumbukia mahali penye kuta wima hatoki. Funika kinachofunikika. Kisichofunikika kiwekee ubao wa mteremko, ubao mbovu wenye mikwaruzo, maana ule laini humtelezesha. Kuogelea anaweza, lakini si usiku kucha.

Nyavu za kuzuia ndege kwenye mizabibu na mboga zikunje, au zipandishe juu ya ardhi kiasi cha shubiri. Akiingiza kichwa kwenye tundu la wavu, miba humzuia kurudi nyuma.

Na sumu. Hapa sitalegeza neno. Sumu ya panya, dawa ya mchwa iliyomwagwa kwenye msingi, chambo za konokono zenye metaldehaidi, dawa ya kupuliza mboga: zote zinamfikia kupitia tumbo la wadudu anaowala, na panya aliyekufa kwa sumu ni chakula kwake vilevile. Katika miezi hii miwili tumia mitego ya panya iliyowekwa juu, darini au kabatini, na konokono wachie yeye. Kama jirani anapuliza dawa, mwombe akuambie siku, uifahamu tu. Upande wake wa ua huwezi kumtawala.

Baki na jicho kwa siafu. Wakati wa mvua msafara wao ukipita penye kiota, watoto hawana pa kukimbilia. Ukiwaona wanaelekea huko, mwaga majivu mengi ya moto uliokwisha kupoa kukata njia yao, mbali na kiota kadiri unavyoweza. Mafuta ya taa usimwage karibu na wanyama.

Hatua ya sita: maji ndiyo, chakula kwa kiasi, maziwa hapana

Weka sahani ya udongo yenye kina cha vidole viwili, iliyojaa maji safi, kivulini, mita chache kutoka kiota. Weka jiwe bapa ndani yake ili mtoto akiingia apate pa kukanyagia. Badilisha maji kila jioni. Mama anayenyonyesha anahitaji maji mengi, na Dodoma mvua ikikatika wiki mbili katikati ya masika, vidimbwi vyote hukauka.

Maziwa usimpe. Kila mtu hukimbilia maziwa, kwa upendo, na maziwa ya ng'ombe humharisha. Kuhara kwa mnyama wa gramu 300 si jambo dogo, na kwa mama mwenye watoto ni msiba.

Chakula hana haja nacho wakati wa mvua, bustani yenye afya imejaa. Kama kuna ukame na unaona mama anazunguka mpaka alfajiri, unaweza kumwekea kijiko kimoja cha yai la kuchemsha lililopondwa, au nyama ya kusaga iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, usiku tu, na asubuhi uondoe kilichobaki kabla siafu na vicheche hawajakuja. Mkate, ugali na dagaa wenye chumvi havimfai. Ukimzoesha sahani ya kila siku, unamfanya akae mahali pamoja na kuwavuta wanaomwinda, na bundi ni mmoja wao. Mimi ningependelea uache taa ya nje ikiwaka nusu saa usiku wa kumbikumbi, kisha uizime. Wataanguka wenyewe chini, naye atajihudumia.

Hatua ya saba: kumtazama

Baada ya kazi yote hiyo, una haki ya kuona. Kaa mahali pamoja, umbali wa mita tano au zaidi, upepo ukikupuliza usoni kutoka kwake, kwa sababu pua yake ndiyo macho yake. Kiti kisichopiga kelele. Usipake manukato wala dawa ya mbu yenye harufu kali. Tochi ifunge karatasi ya nailoni nyekundu kwa mpira; mwanga mwekundu haumshtui kama mweupe. Simu zima mwako wa kamera. Saa nzuri ni kuanzia giza linapoingia hadi saa tatu usiku.

Kwanza utasikia. Kalunguyeye anapekua kwa kelele nyingi kuliko ukubwa wake, ananusa kwa sauti, na akimpata mbawakawa mkubwa unasikia gamba likivunjika, kra, kra, kwa utulivu kabisa. Kisha utamwona: miguu mirefu kuliko ulivyofikiri, tumbo limeinuka juu ya ardhi, anakwenda mwendo wa haraka, anasimama, pua juu, anakwenda tena.

Jambo moja likikutokea usiogope. Niliwahi kumwona mmoja akikuta kubazi la ngozi lililosahauliwa barazani. Alililamba ukingo, akautafuna, mdomo ukajaa povu jeupe, kisha akapinda shingo mpaka karibu aanguke na kulipaka lile povu kwenye miba ya mgongoni kwa ulimi, upande huu, upande ule, kwa muda mrefu. Anayeona mara ya kwanza husema ana kichaa cha mbwa. Sivyo. Kalunguyeye wote hufanya hivyo wakikutana na harufu kali au ngeni, na mnyama mwenye afya akimaliza huendelea na safari yake. Mwenye maradhi hafanyi namna hiyo. Yeye hulegea, huzunguka ovyo mchana, haogopi chochote.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa aliyotoka, saa aliyorudi kama umeona, mvua, kilicholiwa. Mama aliyezaa karibuni hutoka kwa vipindi vifupi na kurudi, na daftari litakuonyesha mabadiliko hayo kabla jicho halijayaona.

Hatua ya nane: ratiba ya kukisia

Mimba huchukua siku 35 hivi. Huzaliwa watoto wachache kama wawili na wengi hata kumi, ila mara nyingi ni wanne au watano. Dume halishiriki malezi; ukiliona linazungukazunguka, halikuja kwa wema. Macho ya watoto hufunguka kati ya wiki ya pili na ya tatu. Ukikaa kimya kipindi hicho utasikia vilio vyembamba kama vya vifaranga kutoka ndani ya majani. Katika wiki ya nne wanaanza kutoka na mama usiku. Wiki ya tano au ya sita wanaacha kunyonya, na baada ya hapo kila mmoja huenda zake, kwa sababu kalunguyeye ni mnyama wa kuishi peke yake.

Kwa hiyo kama siku uliyomkuta hujui alishazaa au bado, hesabu miezi miwili na nusu kuanzia siku hiyo. Ni salama zaidi.

Hatua ya tisa: mambo yakienda vibaya

Mtoto mmoja akionekana nje mchana, macho yamefunguka, anatembea vizuri: mwache, pengine mama anahamisha. Rudi kutazama baada ya saa moja. Akiwa bado yupo, amepoa, analia, na nzi wameanza kumzunguka, huyo anahitaji mkono. Vaa glavu, mweke kwenye boksi la karatasi ngumu lililotobolewa hewa, lenye kitambaa. Jaza chupa maji ya vuguvugu, izungushie taulo, iweke upande mmoja wa boksi ili aweze kusogea akitaka. Usimmiminie maji mdomoni. Joto ndilo la kwanza. Chakula kwenye tumbo lililopoa hakisagiki. Kisha mtafute daktari wa mifugo, na utoe taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Walio Kenya wawaarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mama akifa, kwa gari au mbwa, usisubiri usiku upite. Watoto wachanga hawamalizi siku nyingi bila joto na maziwa. Mpigie daktari wa mifugo kabla hujafungua kiota, umsikilize yeye.

Mzima aliyejikunja, baridi, haamki, katika miezi ya Juni na Julai, si lazima awe amekufa. Kiangazi chakula kikipungua na usiku ukipoa, kalunguyeye anaweza kulala usingizi mzito wa siku kadhaa, mapigo ya moyo yamepungua. Aliyejikunja kwa nguvu kiasi kwamba uso hauonekani, yuko hai. Mfunike majani makavu, umwache kivulini. Watu wamewahi kuwazika wazima.

Wewe mwenyewe jilinde. Kalunguyeye anaweza kubeba bakteria wa salmonela na ukungu unaoleta choa kwenye ngozi, pamoja na viroboto na kupe. Nawa kwa sabuni kila ukigusa chochote cha kiota. Akikung'ata, jambo ambalo ni nadra, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, uende hospitali uwaeleze ni mnyamapori. Wao ndio watakaoamua juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hatua ya kumi: wakishaondoka

Rudi kwenye mabua ya nyasi. Yasimamishe mlangoni jioni saba mfululizo. Yakibaki yote wima, toa matawi ya mgunga, vaa glavu na ufunue polepole kuanzia juu. Utakuta majani yaliyofumwa kwa mviringo, yamebanana, katikati pana kishimo chenye ukubwa wa bakuli. Mboji hiyo ina viroboto, hivyo itandaze juani siku mbili kabla ya kuirudisha shambani.

Kisha jenga rundo jingine palepale au karibu yake: matawi manene chini ili kubaki na uwazi, majani makavu juu, kipande cha bati kuukuu au ubao wa kuzuia mvua, matawi ya miba pembeni. Chini ya geti na chini ya uzio acha uwazi wa sentimita 13, ambao mnyama huyu anauhitaji ili usiku mmoja apite bustani nyingi. Kama wewe na majirani wawili mna uwazi huo, mmempa mtaa mzima.

Tarehe ya kwanza ya kumwona iandike kwenye kalenda ya mwaka unaokuja, na wiki mbili kabla yake umwambie kijana wa kufyeka kwamba pembe ile ya ua haiguswi.